Masta ya uhandisi kemikali ukitokea Kigoma: Mlimani, Tengeru, Ulaya, au usubiri kwanza?

Ukiwa mwisho wa reli, kila chuo kiko mbali. Dar es Salaam ni kama kilomita 1,250 za reli, karibu siku mbili ndani ya behewa treni ikienda vizuri. Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, ni mabasi ya kuunganisha kupitia Singida na kiuno kinachouma hadi kesho yake. Hamburg, Ujerumani, ni ndege, ila kabla ya ndege kuna viza, na kabla ya viza kuna safari ileile ya Dar. Kwa hiyo umbali hautakusaidia sana kuchagua, ingawa ndio kitu cha kwanza ambacho watu wa huku hukipigia hesabu.

Naandika kwa ajili ya wenye shahada ya kwanza ya uhandisi kemikali, au ndugu zake wa karibu kama usindikaji wa chakula na madini, ambao wako kazini Kigoma au Tabora: chumvini Uvinza, kwenye mitambo ya kusafisha maji, kwenye viwanda vidogo vya mawese na sabuni, kwenye asali ya Sikonge na tumbaku ya Urambo. Swali ninaloulizwa ni lilelile. "Kaka, masta nikasomee wapi?" Niseme mapema kwamba mimi nilisoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya kuomba ufadhili wa nje mara mbili na kukosa mara zote mbili. Ukiniona naisifia Mlimani kupita kiasi, punguza mwenyewe.

Vipimo kabla ya majina ya vyuo

Wengi huanza na nchi, kisha chuo, kisha mwisho kabisa ndipo wanajiuliza watasoma nini. Mimi ningeigeuza foleni hiyo. Vipimo vyangu ni vitano, na kila chaguo hapa chini nitalipitisha humo humo.

Cha kwanza ni utakachosoma na namna utakavyokisoma. Kuna masta ya kozi na tasnifu, ambapo mwaka wa kwanza unakaa darasani na baadaye unafanya utafiti mfupi. Kuna pia masta ya utafiti mtupu, ambapo ni wewe, msimamizi wako na maabara. Aliyetoka chuoni miaka mitano iliyopita na amesahau hesabu za mtawanyiko wa joto, kozi zitamrudisha kwenye mstari. Mwenye swali lake tayari kutoka kazini ataona darasa linamchelewesha.

Na swali likiwepo, mashine ya kulijibu iko wapi? Chukua mawese. Tunda la mchikichi likichunwa na kupondeka, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta na kuzaa asidi huru. Kina mama wengi huku huiacha mikungu ya chikichi siku kadhaa ili punje ziachie zenyewe. Kazi inakuwa nyepesi, lakini kila siku inayopita asidi inapanda. Katika biashara ya kimataifa, mawese ghafi ya kula hupimwa kwa kikomo cha asilimia 5 ya asidi hizo. Ukitaka kuyageuza kuwa dizeli ya mimea kwa methanoli na kostiki soda, hali ni ngumu zaidi: asidi ikivuka kama asilimia 1 tu, sehemu ya mafuta yako inageuka sabuni ndani ya pipa, na kutenganisha tabaka kunakuwa taabu. Viwanda vikubwa huipiga mikungu mvuke mapema ili kuua kile kimeng'enya. Mama wa Mwandiga mwenye sufuria na kuni afanye nini? Hilo ni swali la masta lililokamilika. Kupima asidi kwa kudondosha alkali ni kazi inayowezekana hata Kigoma, mradi uwe na bureti na spiriti safi. Lakini ukitaka kujua ni asidi gani na gani zimo, unahitaji kromatografia ya gesi, mashine inayozitenganisha moja moja, na kuanzia hapo uchaguzi wa chuo unakuwa uchaguzi wa maabara.

Cha pili ni fedha, na simaanishi ada peke yake. Weka kodi ya chumba, bima, kemikali za utafiti, gharama za kupima sampuli, na mshahara utakaoukosa ikiwa mwajiri hatakulipa ukiwa masomoni. Huo mshahara ndio wengi wanausahau, na mara nyingi unaishinda ada.

Cha tatu ni muda na kazi yako: utaondoka kwa muda gani, nani atashika nafasi yako, na nyumbani wanasemaje. Cha nne ni mlango wa kuingilia, yaani alama, lugha, uzoefu na makaratasi. Cha tano ni utakachorudi nacho, na kama watu wa huku watakitambua.

Chaguo la kwanza: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Utakachosoma. Uhandisi ulianza kufundishwa Mlimani mwaka 1973, na leo uko chini ya Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Hapa unasoma uhandisi kemikali kwa jina lake: usafirishaji wa joto na maada, thamodinamiki ya juu, usanifu wa riakta, udhibiti wa mitambo. Faida ambayo haiandikwi kwenye vipeperushi ni kwamba ukimtajia mhadhiri mawese ya Kigoma au chumvi ya Uvinza, huhitaji kueleza kwanza ni kitu gani. Jambo jingine, Dar ndiko ziliko maabara nyingine unazoweza kupeleka sampuli kwa malipo, kama TIRDO (shirika la utafiti wa viwanda), TBS (shirika la viwango) na Mkemia Mkuu wa Serikali. Upande wa pili, maabara za nchini kwa jumla zina mashine chache na watu wengi. Kipuri kikiharibika kinasubiriwa kutoka nje, na ratiba yako inasubiri nacho. Kabla ya kuandika pendekezo la utafiti uliza mashine ipi inafanya kazi mwaka huu. Orodha ya vifaa isikutoshe.

Fedha. Unalipa kwa shilingi na kwa awamu, hilo ni jambo kubwa. Usijenge bajeti juu ya Bodi ya Mikopo: sehemu kubwa ya mfuko wake inakwenda kwa shahada ya kwanza. Chumba Changanyikeni au Makongo ni nafuu kuliko Sinza, ila kuna kupanda na kushuka. Tenga fungu la utafiti peke yake, usilichanganye na la chakula, maana kemikali hazikopeshwi dukani kama unga.

Muda na kazi. Kwenye karatasi ni miezi 18 hadi 24. Kozi huisha kwa wakati, ila tasnifu ndiyo inayovuta. Uzuri wa Mlimani kwa mtu wa Kigoma ni kwamba baada ya kozi unaweza kurudi na kukigeuza kiwanda chako kuwa maabara, mradi umekubaliana na msimamizi mapema na mwajiri ameandika barua. Mimi nilifanya hivyo, na kosa nililolifanya nalisema ili lisirudiwe. Nilipakia chupa sita za mawese kwenye begi, nikapanda nazo treni Kigoma, sikuondoa maji yaliyomo wala sikuzikinga na joto. Zilipofika Dar asidi ilikuwa imepanda kuliko nilivyopima nyumbani. Wiki tatu za kazi zikaenda na maji, na kwa mawese usemi huo ni kweli kabisa, kwa sababu unyevu ndio uliokuwa unayavunja. Siku hizi nawaambia wadogo zangu: kausha, jaza chupa mpaka shingoni, funika isipate mwanga, weka kwenye barafu, na upime tena ukifika.

Mlango. Kwa kawaida ya vyuo vyetu, shahada ya kwanza yenye daraja la pili la chini, yaani GPA ya 2.7 kati ya 5, inakuruhusu kugonga. Hakuna mtihani wa lugha. Cheti, transkripti, wadhamini wa kitaaluma wawili au watatu, basi.

Ukirudi. Huna cha kutafsiri wala kuthibitisha, maana kila mwajiri nchini anakijua cheti hicho. Na wale uliokaa nao darasani utawakuta NEMC (mazingira), EWURA (nishati na maji), TBS na viwandani. Siku mtambo wako wa maji taka unapohitaji kibali, hiyo ni hazina.

Inamfaa nani? Mwenye kazi anayotaka kuirudia, mwenye familia, na mwenye swali linalotoka huku. Haimfai sana anayetaka kuzama kwenye vitu vinavyodai mashine ghali, kama kutengeneza vichocheo vya kemikali na kuvichunguza punje kwa punje.

Chaguo la pili: Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru

Utakachosoma. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011 na inafundisha uzamili na uzamivu tu. Hakuna umati wa shahada ya kwanza unaogombania maabara na wewe, wala mhadhiri mwenye mitihani mia tatu ya kusahihisha. Ila hapa hutapata uhandisi kemikali kwa jina. Utapata majirani zake: sayansi na uhandisi wa vifaa, nishati endelevu, maji, mazingira. Kwa mtu wa mitambo ya maji hilo si pungufu hata kidogo. Arusha yenyewe ni somo, kwa sababu maji ya pale chini ya Meru yana floraidi nyingi, na kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi ya kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ufyonzaji wa floraidi kwenye mkaa wa mifupa ni uhandisi kemikali mtupu, hata kama mlangoni pameandikwa mazingira.

Kwa Tabora naona mvuto wa namna nyingine. Mabani ya kukaushia tumbaku yanakula miombo mwaka baada ya mwaka. Kukausha jani ni hesabu ya joto na unyevu, na anayeijua anaweza kupunguza kuni bila kuharibu rangi ya jani. Masta ya nishati yenye utafiti wa namna hiyo ingefaa Urambo na Kaliua kuliko utafiti mwingi ninaouona.

Fedha. Ni shilingi pia. Taasisi ina kituo cha umahiri cha maji na nishati, WISE-Futures, kilichoanzishwa chini ya mradi wa Benki ya Dunia, na mara kwa mara misaada ya utafiti huja kupitia miradi ya namna hiyo. Namna ya kuipata ni kumwandikia msimamizi kabla ya kuomba chuo, ukimweleza swali lako kwa ukurasa mmoja. Ukisubiri tangazo la jumla utakuta fungu limeshagawanywa. Maisha ya Tengeru ni nafuu: soko liko pale pale, ndizi na mboga hazina bei ya mjini.

Muda na kazi. Ni miaka miwili, na mkazo uko kwenye utafiti, kwa hiyo kuja na kurudi Kigoma ni kugumu. Mtu wa Tabora ana nafuu kidogo ya barabara.

Mlango. Unafanana na wa Mlimani, ila pendekezo la utafiti lina uzito zaidi.

Ukirudi. Hapa kuna jambo dogo linalosumbua watu wengi. Tangazo la kazi likisema "shahada ya uzamili ya uhandisi kemikali au inayofanana nayo", lile neno "inayofanana" linaamuliwa na mtu aliyekaa ofisini na orodha mkononi. Shahada yako ya kwanza ikiwa ya uhandisi kemikali, huna shida kubwa. Ikiwa ilikuwa ya kemia ya kawaida na ulitegemea masta ikupe jina la uhandisi, hapa hutalipata.

Inamfaa nani? Watu wa maji, nishati na vifaa, na anayewaza uzamivu baadaye.

Chaguo la tatu: Ulaya kwa ufadhili

Nasema kwa ufadhili kwa makusudi. Anayejilipia mwenyewe kutoka Kigoma simshauri chochote, huyo ana mambo yake.

Utakachosoma. Ujerumani ndiyo inayotajwa zaidi na vijana wa fani hii, na sababu zipo. Fritz Haber aliunganisha naitrojeni na haidrojeni kuwa amonia pale Karlsruhe mwaka 1909, na kufikia 1913 kiwanda cha BASF cha Oppau kilikuwa kinaizalisha kwa wingi. Mbolea ya urea unayoiona kwenye duka la pembejeo Kasulu ni mjukuu wa kazi hiyo. Vyuo kama Karlsruhe, Hamburg na Erlangen vimekaa karibu na viwanda, na programu za kompyuta za kuiga mitambo, kama Aspen Plus, mwanafunzi anazitumia kila wiki. Kasoro moja: swali lako la Kigoma linaweza kubaki mlangoni. Utapewa mada ya msimamizi, pengine betri au haidrojeni, na utarudi ukiwa hodari wa kitu ambacho hakuna anayekihitaji kati ya Kibirizi na Kakonko. Wengine wamefanikiwa kubeba mada yao kutoka nyumbani, lakini walianza kuisema kwenye barua ya maombi.

Fedha. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, ila usiamini neno "bure" bila kusoma. Jimbo la Baden-Württemberg, liliko Karlsruhe, hutoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kimeanza kutoza tangu 2024. Asiye na ufadhili anatakiwa kuonyesha fedha kwenye akaunti iliyofungwa: tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 30. Hapo ndipo maombi mengi yanapokufa. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, unakuondolea mzigo huo. Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, hulipa euro 1,400 kwa mwezi na kugharamia masomo, nawe unasoma katika nchi mbili au zaidi. Uingereza ipo kwa njia ya Chevening, ufadhili wa serikali yao, na ya Jumuiya ya Madola.

Muda na kazi. Ujerumani ni miaka miwili, na wengi huongeza muhula. Uingereza ni mwaka mmoja, na hiyo ni tofauti kubwa kwa mwenye mwajiri anayetoa likizo ya masomo ya mwaka mmoja tu. Mwaka huo mmoja ni wa kukimbia. Usitegemee utafiti wa maana sana ndani yake. Kwa wenye watoto wadogo, pima vizuri. Kuhamisha familia kunadai fedha ambazo posho ya mwanafunzi mmoja haizimudu kwa urahisi. Nimeona dada mmoja, mhandisi mzuri kuliko mimi, akimwachia mama yake mtoto wa miaka miwili Ujiji. Alimaliza salama na mtoto yuko salama. Ila ukimuuliza leo kama angerudia, anakaa kimya kwanza.

Mlango. Ni mwembamba na una bawaba nyingi. Ufadhili wa DAAD kwa programu za maendeleo, ule unaoitwa EPOS, unataka angalau miaka miwili ya kazi, na kwa kawaida shahada ya kwanza isiyozidi miaka sita. Chevening nayo inataka miaka miwili ya kazi. Alama zinazoshindana huko huanza daraja la pili la juu, GPA ya 3.5. Lugha: baadhi ya vyuo hukubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, vingine vinadai IELTS, na hiyo ni safari nyingine na ada nyingine. Kijerumani si lazima kwa kozi za Kiingereza, lakini bila Kijerumani mafunzo kwa vitendo kiwandani ni magumu kuyapata, kwa sababu msimamizi wa zamu hataki kukufasiria kengele ya hatari.

Ukirudi. Cheti cha nje hupelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kitambuliwe, kwa hiyo hakikisha mapema kwamba chuo kinatambulika huko kilipo. Chevening wanakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili. Ujerumani, kinyume chake, inampa mhitimu miezi 18 ya kutafuta kazi palepale. Sisemi usikae. Nasema ujue kabla hujaondoka kama una mpango wa kukaa, maana barua ya ahadi uliyomsainia mwajiri wako haitajali ulipobadilisha mawazo.

Inamfaa nani? Aliye na alama nzuri, mwepesi kuhama, na anayelenga sekta kubwa: gesi ya kusini, nikeli ya Kabanga, au ualimu wa chuo kikuu.

Chaguo la nne: usubiri, usajiliwe kwanza

Hili halipigiwi debe kwa sababu hakuna anayepiga picha na joho akiwa amesubiri. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoko chini ya sheria ya mwaka 1997, ina mpango wa mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu, SEAP, unaompeleka mhandisi mhitimu hadi kuwa mhandisi mtaalamu.

Utakachosoma hapa ni mtambo wenyewe: pampu inayovuja usiku, boila inayokataa, taarifa unayoandika kila robo mwaka na mshauri wako anaisahihisha. Fedha, unalipwa badala ya kulipa. Muda, huondoki. Mlango ni mpana, ila kwa Kigoma una tatizo lake, kwani lazima uwe na mhandisi aliyesajiliwa wa kukusimamia, na wa fani ya kemikali huku ni wachache. Baadhi ya vijana husimamiwa na mhandisi wa mitambo kwa kazi ya kila siku na wa kemikali kutoka mkoa mwingine kwa taarifa. Uliza Bodi kabla hujajipangia mwenyewe. Unachopata mwishoni ni muhuri, yaani haki ya kusaini michoro na kubeba dhamana, na hiyo masta haikupi.

Kusubiri kuna faida nyingine: kunakufungulia lile chaguo la tatu. Miaka miwili ya kazi ndiyo tiketi ya DAAD na Chevening. Lakini dirisha hilo lina pande mbili. Miaka miwili unaanza kustahili, miaka sita unaanza kufungiwa. Aliyehitimu mwaka 2021 na bado anasema "nitaomba mwakani" ahesabu vidole vyake leo.

Kwa hali yako

Umeajiriwa serikalini au kwenye mamlaka ya maji, na mwajiri anatoa likizo ya masomo yenye mshahara. Mlimani au Tengeru, na kinachoamua ni mada: mtambo na uzalishaji, Mlimani, ubora wa maji, Tengeru. Pata barua ya likizo kwanza, ndipo uombe chuo. Nimewaona waliofanya kinyume.

Una GPA ya 3.5 na kuendelea, huna mtoto, una miaka miwili hadi mitano tangu uhitimu. Omba nje, na omba Mlimani mwaka huohuo. Kalenda zinaruhusu: Chevening hufunguliwa kama Agosti, programu nyingi za Erasmus Mundus hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari, na vyuo vya nchini huita waombaji katikati ya mwaka. Nje wakikataa, bado hujapoteza mwaka. Mimi nilipoteza miwili kwa kusubiri jibu moja moja.

GPA yako iko kati ya 2.7 na 3.4. Usijidharau, ila usitumie akiba kununua mitihani ya lugha kwa ajili ya ufadhili unaogombaniwa na wenye alama za juu. Masta ya nchini yenye tasnifu nzuri na makala moja iliyochapishwa hubadilisha mazungumzo ukija kuomba uzamivu.

Una kiwanda chako mwenyewe cha sabuni au mawese. Hapa nina mashaka kama unahitaji masta kabisa. Kaa na mashine yako, nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga ujifunze kuhusu tenera, mbegu ya michikichi wanayoisambaza, chukua kozi fupi ya usalama wa chakula. Ukiona swali linakushinda kabisa, mtafute mwanafunzi wa masta aje alifanyie utafiti kiwandani kwako. Wapo wengi wanaotafuta mahali pa kufanyia tasnifu, na wewe utapata jibu bila kufunga mlango wa duka.

Umehitimu juzi, huna kazi, na masta unaiona kama pahali pa kujistiri hadi mambo yakae sawa. Naelewa, mdogo wangu, na sikucheki. Ila jaribu lile la nne hata kama ni kwa posho ndogo chumvini au kwenye mtambo wa maji, kwa sababu kila mlango mzuri niliotaja hapo juu unauliza umefanya kazi wapi.

Mke au mume wako yuko Kigoma na watoto wako shule. Kozi Dar, utafiti nyumbani, na mkubaliane kwa maandishi na msimamizi utakuwa unaripoti lini. Simu ya Jumapili jioni haitoshi.

Na kama uko Buhigwe au Kakonko, bado hujaamua lolote, na huna hata pasipoti, anza nayo. Ni shilingi 150,000, na kuwa nayo hakukulazimishi kwenda popote.